UZI: Tiba mbili, wodi moja. Namna ya kuzilinganisha kwa jaribio la nasibu bila kujidanganya

#1 Mzani_wa_Wodi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wale ambao wodini kwao kuna tiba mbili za tatizo lilelile, zote zinakubalika, zote zinatolewa kila siku, na kila bingwa ana yake anayoiapia. Dripu ya salaini au ya Ringa lakteti. Antibayotiki siku 7 au siku 14. Dawa ya maumivu ya sindano au ya vidonge baada ya upasuaji. Sizungumzii molekuli mpya iliyotoka maabara juzi. Nazungumzia vitu ambavyo tayari viko kwenye troli.

Nianze na jambo ambalo wengi hulipita mbio. Jaribio la nasibu, yaani bahati nasibu ndiyo inayoamua mgonjwa apate tiba ipi, huharibikia zaidi katika ile dakika moja kati ya mgonjwa kukubaliwa kuingia na mgawo wake kujulikana. Anayesajili akijua, au akiweza kubahatisha, kwamba anayefuata atapewa tiba B, basi yule mgonjwa aliyezidiwa "atasubiri kidogo", na mwenye nafuu ataingizwa haraka. Hakuna aliyetaka kudanganya. Ni huruma tu na mazoea. Lakini makundi yameshatofautiana kabla dozi ya kwanza haijatolewa, na hakuna hesabu itakayoyasawazisha baadaye.

Kwa hiyo mpangilio uwe hivi, na usibadilishwe: thibitisha vigezo, pata ridhaa, andika mgonjwa kwenye rejista kwa wino, ndipo mgawo ufunguliwe. Akishaandikwa hatoki. Hata akifariki kabla ya dozi ya kwanza, anahesabiwa.

Karibuni tulichambue, kila mtu kwa eneo lake.

#2 Mbishi_Mwenye_Hoja

Mkuu, swali la kichokozi. Kama tiba zote mbili zinatolewa kila siku, si tayari tuna maelfu ya mafaili? Chukua ya miaka mitano, gawa waliopata A na waliopata B, hesabu vifo, kwisha habari. Bahati nasibu ya nini na urasimu wote huo?

#3 Takwimu_Kavu

Mbishi, hoja yako ni ya haki na ina jibu fupi: mgonjwa hakupewa A kwa bahati. Alipewa kwa sababu daktari aliona kitu. Kitu chenyewe mara nyingi hakimo kwenye faili: rangi ya ngozi, namna anavyohema, wasiwasi wa mama yake. Utasawazisha kwa umri, jinsia na presha kwa kuwa viliandikwa. Kisichoandikwa hukisawazishi. Basi dawa wanayopewa mahututi itaonekana inaua, na dawa wanayopewa wenye nafuu itaonekana inaokoa.

Mifano miwili ya kutuliza kiburi. Kwa miaka mingi majeruhi wa kichwa walipewa dawa za jamii ya steroidi ili kupunguza uvimbe wa ubongo, na mantiki yake ilikuwa safi kabisa. Jaribio la CRASH lilipowagawa wagonjwa 10,008 kwa nasibu, vifo ndani ya wiki mbili vilikuwa asilimia 21.1 kwa waliopewa steroidi na 17.9 kwa wasiopewa. Lilisimamishwa kabla ya kufika mwisho.

La pili ni FEAST, lililochapishwa 2011 na kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda. Watoto 3141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa makundi matatu: dripu ya haraka ya albamini, dripu ya haraka ya salaini, au kutopewa dripu ya haraka bali maji ya kawaida ya kumtunza mtoto. Vifo kwa saa 48 vilikuwa asilimia 10.6, 10.5 na 7.3. Yaani kile kilichokuwa kikihesabiwa kama huduma bora ndicho kilichoua zaidi. (Watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa, kwa hiyo msiyabebe matokeo hayo mkayapeleka huko.) Mafaili yasingeonyesha hilo kwa uwazi huo, kwa sababu wanaowekewa dripu ya haraka siku zote ndio walio hoi.

#4 Mbishi_Mwenye_Hoja

Nimekuelewa. Nimeshuka kwenye mti nusu. Endeleeni.

#5 Nesi_wa_Zamu

Swali la vitendo. Wodi nyingi zinagawa kwa namba ya faili: shufwa anapata A, witiri anapata B. Wengine kwa siku: Jumatatu A, Jumanne B. Hiyo nayo ni nasibu?

#6 Mzani_wa_Wodi

Hapana, dada. Ule ni mgawo wa zamu unaojulikana mapema. Anayesajili ameshika faili mkononi, namba anaiona, kwa hiyo anajua mgonjwa anaelekea wapi kabla hajaamua kumwingiza. Tumerudi kwenye ile dakika niliyoitaja.

Njia iliyo salama ni mgawo kukaa mbali na wodi: mfumo wa kompyuta unaotoa mgawo baada ya kuingiza taarifa za mgonjwa, au simu kwa mtu asiyehusika na matibabu. Pasipo mtandao wa kuaminika, bahasha bado zinafaa, ila zitengenezwe kwa ukali. Jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu la Uingereza, lililochapishwa 1948, lilitumia bahasha zilizofungwa, na linasomwa hadi leo: wagonjwa 107, 55 wakipata dawa pamoja na kulazwa kitandani na 52 wakilazwa tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 4 upande mmoja na 14 upande wa pili.

Bahasha nzuri inatengenezwa hivi. Mtu asiyeingia wodini kabisa ndiye anayezalisha orodha kwa kompyuta na kuzijaza. Karatasi ya mgawo inakunjwa na kufunikwa kwa foili ya alumini, kwa sababu bahasha ya kawaida ukiielekeza kwenye taa unaisoma. Ndani inawekwa karatasi ya kaboni juu ya karatasi ya mgawo. Bahasha inabandikwa, inasainiwa juu ya mkunjo, na inapewa namba mfululizo. Zote ziwe na uzito na unene mmoja. Mgawo wa A ukiwa karatasi moja na wa B karatasi mbili, vidole vitajua.

Siku ya kusajili, jina au namba ya utafiti, tarehe na saa vinaandikwa juu ya bahasha *kabla* ya kuichana. Kaboni inahamishia maandishi kwenye karatasi ya ndani. Hapo hakuna anayeweza kufungua, akaona hapapendi, akairudisha na kuchukua inayofuata. Mkaguzi akija anatazama mambo mawili tu: mfululizo wa namba unalingana na mfululizo wa saa, na kaboni inalingana na rejista. Namba 41 ikiwa imefunguliwa kabla ya 40, kuna maelezo ya kutolewa.

#7 Takwimu_Kavu

Niongezee kuhusu bloku, maana hapo ndipo bahasha nzuri huharibiwa na orodha mbaya.

Ukigawa kwa kurusha shilingi tu, kwenye sampuli ndogo unaweza kujikuta na 34 kwa 26. Ndiyo maana watu hutumia bloku: kila wagonjwa 4, wawili A na wawili B kwa mpangilio wa nasibu. Mipangilio inayowezekana ni 6. Tatizo ni kwamba kama tiba inaonekana kwa macho na wodi inajua bloku ni ya 4, basi wakishapita A, A, wawili wanaofuata ni B bila shaka yoyote. Changanya bloku za 4 na 6, hata za 2 mara mojamoja, kwa mpangilio wa nasibu, na ukubwa wake usiandikwe kwenye nakala ya itifaki inayokaa wodini.

Matabaka nayo, yaani kila aina ya mgonjwa kuwa na orodha yake ya mgawo, yana kikomo. Hospitali na ukali wa ugonjwa vinatosha. Kuna anayetaka hospitali 4, ukali 2, umri 2, jinsia 2: hayo ni matabaka 32, na kwa sampuli ya 200 mengi yataishia na bloku zilizojaa nusu. Umejisumbua ukarudi kulekule kwenye shilingi.

#8 Nesi_wa_Zamu

Na idadi ya wagonjwa? Kila itifaki inakuja na namba kama imeshuka kutoka mbinguni.

#9 Takwimu_Kavu

Haishuki, inatoka kwenye mambo manne: tokeo likoje kwenye tiba ya sasa, tofauti ndogo kabisa ambayo ikiwepo ingebadilisha matibabu, hatari ya kudhani kuna tofauti wakati haipo (kawaida asilimia 5), na nguvu ya jaribio kuiona tofauti ikiwepo (asilimia 80 au 90).

Kwa tokeo la ndiyo/hapana, ambapo p1 na p2 ni sehemu ya wagonjwa wanaopatwa na tokeo hilo katika kila kundi, kila kundi linahitaji takribani:

7.84 × [p1(1−p1) + p2(1−p2)] ÷ (p1−p2)²

Ile 7.84 ni (1.96 + 0.84)², kwa asilimia 5 na nguvu ya 80. Chukua vifo vya asilimia 20 kwa tiba A, na unataka kuona kama B inavishusha hadi 15. Ndani ya mabano ni 0.16 + 0.1275 = 0.2875. Mara 7.84 ni 2.254. Gawa kwa 0.0025, unapata 902 kila kundi. Ukitarajia kupoteza asilimia 10 njiani, gawa kwa 0.9: 1003 kila kundi. Jumla zaidi ya elfu mbili.

Sasa punguza tofauti iwe nusu, 20 dhidi ya 17.5. Inakuwa kama 3,818 kila kundi. Tofauti ikipungua nusu, sampuli inazidi mara nne na ushei. Ndiyo sababu majaribio ya tiba za kawaida yenye majibu ya kuaminika huwa makubwa: CRASH-2 ya asidi ya traneksamiki kwa majeruhi wanaovuja damu ilikuwa na wagonjwa 20,211 katika nchi 40, na tofauti iliyoionyesha ni vifo kushuka kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Kidogo kwa macho ya daktari mmoja wodini, kikubwa sana kwa majeruhi wa dunia nzima.

Dhambi ya kawaida ni kuanza na wagonjwa 200 unaoweza kuwapata, kisha kurudi nyuma kutafuta tofauti itakayotoa 200. Utaiona kwenye itifaki: "tunatarajia tiba itapunguza vifo kwa nusu". Tiba za wodini zinazopunguza vifo kwa nusu ukilinganisha na tiba nyingine inayofanya kazi ni za kuhesabu kwa vidole.

#10 Mfamasia_Kauntani

Nami niingie upande wa dawa yenyewe. Kuficha mgawo na kuficha tiba ni vitu viwili, na watu huvichanganya. Kuficha mgawo ni kabla ya kusajili, na kunawezekana *siku zote*, hata ukilinganisha upasuaji na vidonge. Kuficha tiba ni baada ya kusajili, na wakati mwingine hakuwezekani.

Pale inapowezekana, msiridhike na rangi tu. Angalieni povu dawa inapochanganywa na maji, muda wa kuyeyuka, harufu, ladha, uchungu kwenye mshipa. Rifampisini inageuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Hapo hata ufunge kopo kwa kufuli, choo kitatoa siri. Tiba moja ikiwa sindano na nyingine kidonge, kila mgonjwa apewe vyote viwili, kimoja halisi na kingine tupu. Lakini fikirini mara mbili kabla ya kumchoma mtoto sindano ya maji ya chumvi kwa siku saba ili tu jaribio lipendeze. Kamati ya maadili itauliza, na itakuwa na haki.

Mambo ya stoo ambayo huvuruga: tarehe za kuisha muda tofauti kati ya A na B (wauguzi wanajifunza haraka sana kwamba "zile za Juni ni zile kali"), lebo zinazobanduka kwenye friji, na kontena zilizoandikwa tu "A" na "B". Ukiandika A na B, siri ya mgonjwa mmoja ikivuja, zimevuja zote. Kila kifurushi kiwe na namba yake ya kipekee, na ufunguo wa kuunganisha namba na dawa ukae kwa mfamasia asiyehusika na wodi. Dharura ikitokea, ifunguliwe siri ya mgonjwa huyo mmoja, iandikwe nani kafungua, saa ngapi, kwa nini.

#11 Mbishi_Mwenye_Hoja

Sasa kama kuficha tiba hakuwezekani, jaribio lina thamani gani? Daktari anajua anachotoa, atampendelea mgonjwa wake.

#12 Mzani_wa_Wodi

Inategemea unapima nini. Kifo hakibadiliki kwa kuwa daktari anapenda dawa fulani. AQUAMAT, lililolinganisha artesuneti na kwinini kwa watoto 5425 wenye malaria kali Afrika, lilikuwa wazi, hakuna aliyefichwa dawa. Vifo vilikuwa asilimia 8.5 dhidi ya 10.9, na mjadala ukaisha. Ukipima maumivu kwa kumuuliza mgonjwa anayejua amepewa "ile mpya", hapo una tatizo. Angalau anayepima asijue: picha isomwe na mtu wa mbali, kidonda kitathminiwe kwa picha isiyo na jina.

#13 Takwimu_Kavu

Na kuna tokeo moja linalopendwa mno linalonikera: siku za kulazwa. Kwanza, anayeamua ruhusa ni daktari yuleyule anayejua tiba. Pili, na hapa ndipo pabaya, aliyefariki siku ya pili amelazwa siku mbili tu. Tiba inayoua haraka itaonekana "imepunguza siku za kulazwa". Ukitaka kupima kitu cha namna hiyo, hesabu siku ambazo mgonjwa yuko hai na yuko nje ya hospitali ndani ya siku 28. Aliyefariki anapata sifuri.

Msipime pia kitu cha kati mkadhani mmepima mwisho. Kwenye FEAST dalili za mshtuko ziliondoka mapema kwa watoto wengi zaidi wa dripu ya haraka, saa ya kwanza. Jaribio lingeishia saa hiyo, dripu ya haraka ingetangazwa mshindi.

Tokeo la msingi liwe moja, liandikwe kwa namna isiyo na tafsiri mbili: "kifo kwa sababu yoyote ndani ya siku 28 tangu saa ya kupewa mgawo". Sio "vifo". Lisajiliwe hadharani pamoja na itifaki kabla ya mgonjwa wa kwanza. Tangu 2005 wahariri wa majarida makubwa ya tiba wameweka sharti hilo: jaribio lisilosajiliwa mapema hawalichapishi.

#14 Kiti_cha_Maadili

Nimekuwa nikisoma kimya. Naomba nizungumzie ridhaa, kwa sababu tiba mbili za kawaida huwafanya watu wafikiri ridhaa ni mhuri tu.

Sharti la kwanza ni kwamba wataalamu kwa dhati hawajui ipi bora. Kama kuna ushahidi mzito tayari kwamba A inaokoa zaidi, kumpa mtu B kwa bahati nasibu ni dhuluma, hata akisaini.

La pili, mgonjwa aelewe kwamba *daktari wake hakumchagulia*. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mtu amezoea kuamini kwamba anachopewa kimechaguliwa kwa ajili yake. Utamweleza vizuri, atatikisa kichwa, atasaini, na bado ukimuuliza kesho atasema "daktari kaona hii inanifaa". Dawa yake ni kumwomba arudie kwa maneno yake: tiba ziko ngapi, nani anaamua upate ipi, ukikataa nini kitatokea. Akishindwa jibu la pili, rudi mwanzo. Asiyesoma asomewe mbele ya shahidi asiye mtafiti, naye aweke dole gumba, shahidi asaini.

Dharura ni habari nyingine. Mtoto anadegedege, mama analia, na fomu ina kurasa sita. Hapo kamati inaweza kuruhusu maelezo mafupi ya mdomo na kukubali kwa mdomo, kisha ridhaa kamili ikatafutwa hali ikitulia. FEAST lilitumia utaratibu wa namna hiyo. Lakini lazima uwe umeidhinishwa mapema, na muda wa juu uandikwe. Usiubuni wodini.

Na mtu akisema "najitoa", muulize anajitoa kwenye nini: kumeza dawa, kupigiwa simu, au taarifa zake kutumika. Wengi wamechoka na dawa tu, hawana shida ya kupigiwa simu siku ya 28. Ukimfuta kabisa bila kuuliza umepoteza mtu ambaye hakukusudia kupotea.

#15 Nesi_wa_Zamu

Hapo kwenye simu siku ya 28 umegonga ndipo. Chukueni namba tatu: yake, ya ndugu anayeishi naye, ya jirani. Zipigwe *mgonjwa akiwa bado kitandani* kuhakikisha zinaita. Namba iliyoandikwa kwa haraka ikakosewa tarakimu moja haigunduliki hadi siku ya 28. Na asiyepatikana aandikwe "hajapatikana". Kuna makarani wanaoandika "hai" kwa hoja kwamba angefariki tungesikia.

Jingine: rejista ya waliopimwa vigezo iwe na kila aliyepita mlangoni na sababu ya kutoingizwa. Ukiona usajili wote ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu hadi saa tisa alasiri, basi umesoma wagonjwa wa mchana. Wanaokuja usiku wa manane ni wagonjwa wa aina nyingine, na zamu ya usiku ina mikono michache. Kifurushi cha usajili kikae wodini, sio ofisini kwa mratibu ambako funguo zinaondoka naye.

#16 Takwimu_Kavu

Kuhusu waliopotea, fanyeni hesabu hii. Kwenye mfano wangu wa 902, tofauti ya vifo ni 180 dhidi ya 135, yaani watu 45. Ukipoteza 60 kila upande, waliopotea ni wengi kuliko jibu lenyewe.

#17 Mbishi_Mwenye_Hoja

Na waliopangiwa A wakaishia kupewa B kwa sababu stoo iliisha? Mimi ningewahamishia kundi B, ndicho walichokipata.

#18 Mzani_wa_Wodi

Ukifanya hivyo umevunja bahati nasibu kwa mkono wako. Kila mgonjwa achambuliwe kwenye kundi alilopangiwa, awe alimeza au hakumeza. Wanaobadilishiwa tiba katikati mara nyingi ni wale waliozidiwa. Ukiwahamisha, unahamisha vifo.

Angalizo: hii inafaa unapouliza "ipi bora". Ukiuliza "je, siku 7 si duni kuliko siku 14", kuchanganyika kwa tiba kunazifanya zifanane na kukupa ushindi wa bure. Hapo fanya chambuzi zote mbili, kwa mgawo na kwa waliofuata itifaki, na zote zikubaliane. Kikomo cha uduni, yaani upungufu mkubwa kabisa mtakaoukubali, nacho kiwekwe mapema na kitetewe kitabibu. Kama kushindwa kwa tiba ni asilimia 10 pande zote, kikomo cha pointi 5 kinahitaji kama watu 565 kila kundi. Cha pointi 3, kama 1,568. Utawaona wengi wanachagua 10, kwa sababu ambazo mnazijua.

#19 Takwimu_Kavu

Na tafadhali, "hakuna tofauti ya kitakwimu" msiisome kama "ziko sawa". Wagonjwa 100 kila kundi, vifo 12 na 16. Tofauti ni pointi 4, na masafa ya uhakika ya asilimia 95 (eneo ambamo tofauti ya kweli inaweza kuwemo) yanaanzia takribani pointi 5.6 upande mmoja hadi 13.6 upande wa pili. Jaribio hilo halijakataa kwamba tiba ya pili inaua watu 13 zaidi katika kila 100. Halijasema kitu.

#20 Mfamasia_Kauntani

Je, kuangalia makundi madogo ndani ya jaribio? Wanaume, wanawake, wazee, wenye kisukari?

#21 Takwimu_Kavu

Watafiti wa ISIS-2, jaribio la 1988 la aspirini na streptokainesi (dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda) kwa wagonjwa 17,187 walioshukiwa mshtuko wa moyo, waliulizwa swali hilohilo. Wakajibu kwa kugawa wagonjwa kwa nyota za kuzaliwa. Aspirini ilisaidia sana kwa jumla, ila kwa waliozaliwa chini ya Mapacha na Mizani ikaonekana ina madhara kidogo. Ukikata mkate vipande vya kutosha, utapata kipande chenye ukungu.

Lakini si kila kundi dogo ni upuuzi. Lililotajwa mapema, lenye sababu ya kibaolojia, na lenye mwelekeo unaopanda au kushuka kwa hatua lina uzito. Jaribio la RECOVERY, 2020: deksamethasoni (steroidi) miligramu 6 kwa siku kwa wagonjwa wa UVIKO-19. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo asilimia 29.3 dhidi ya 41.4. Kwa waliopewa oksijeni bila mashine, 23.3 dhidi ya 26.2. Kwa wasiohitaji oksijeni hakukuwa na faida, na mwelekeo ulikuwa wa madhara: 17.8 dhidi ya 14.0. Na CRASH-2: dawa ikitolewa ndani ya saa 3 za kuumia inapunguza vifo vya kuvuja damu, baada ya saa 3 inaelekea kuviongeza. Hayo ni matokeo ya kubandika ukutani chumba cha dharura.

#22 Mbishi_Mwenye_Hoja

La mwisho kutoka kwangu. Nikiona katikati B inaongoza wazi, si nisimamishe?

#23 Kiti_cha_Maadili

Wewe usione kabisa. Kamati huru ya usalama ndiyo inaona, nayo inaongozwa na kanuni iliyoandikwa mapema. Ukichungulia mara tano kila mara kwa kipimo cha asilimia 5, hatari ya kutangaza tofauti isiyokuwepo inapanda hadi kama 14. Ndiyo maana kamati nyingi hudai ushahidi mzito sana katikati, p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu) chini ya 0.001. Madhara makubwa yanaripotiwa kwa msimamizi ndani ya saa 24 tangu yajulikane, hayasubiri mkutano.

#24 Nesi_wa_Zamu

Na kama tiba haiwezi kugawanywa mgonjwa kwa mgonjwa? Dripu za wodi nzima, kwa mfano.

#25 Mzani_wa_Wodi

Gawa wodi. Jaribio la SMART, 2018, lilifanya hivyo: vyumba 5 vya wagonjwa mahututi vikibadilishana kila mwezi kati ya salaini na maji yenye uwiano wa madini, watu wazima 15,802. Tokeo la pamoja la kifo, kuanza kusafishwa damu au figo kubaki dhaifu bila kupona ndani ya siku 30 lilikuwa asilimia 14.3 kwa maji ya uwiano na 15.4 kwa salaini.

Ila wagonjwa wa wodi moja wanafanana, kwa hiyo sampuli inavimba mara 1 + (m−1) × ρ, ambapo m ni wagonjwa kwa kila wodi na ρ ni kiasi wanavyofanana. Wagonjwa 50 kwa wodi na mfanano wa 0.02 tu: 1.98, karibu mara mbili. Na ukigawa wodi, chambua kama wodi. PREDIMED, jaribio la chakula na moyo, liliondolewa jaridani na kuchapishwa upya 2018. Kasoro mojawapo ilikuwa kituo kilichogawa kliniki nzimanzima huku uchambuzi ukiwahesabu kama watu waliogawanywa mmojammoja.

#26 Takwimu_Kavu

Nifunge upande wangu na siku ya mwisho. Programu ya uchambuzi iandikwe na kujaribiwa kwa mgawo wa uongo uliozalishwa ovyo, hadi majedwali yote yatoke bila hitilafu. Maswali yote ya data yajibiwe: umri wa miaka 210, tarehe ya kifo kabla ya kulazwa, jinsia iliyobadilika kati ya fomu mbili. Hifadhidata ifungwe, tarehe na saa ziandikwe, ruhusa ya kuhariri iondolewe kwa kila mtu, mimi nikiwemo. Mwenye ufunguo alete faili la mgawo halisi. Badilisha faili moja, endesha programu ileile mara moja, hifadhi kila kilichotoka.

#27 Mbishi_Mwenye_Hoja

Na kilichotoka kisipopendeza?

#28 Takwimu_Kavu

Kinachapishwa hivyohivyo.